Maneno ya Unguja Ndani ya Kompyuta

Mhariri wa jarida letu ameniomba nieleze, kwa faida ya wenzangu wa zamani na ya vijana walioko skuli hivi sasa, jinsi mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili niliyemaliza kidato cha nne mwaka 1976, nilivyojifunza kutoa vifurushi vya programu huria. Nimekubali, ila nitaanza mbali kidogo, maana jambo hili lina asili yake.

Mwaka 1864 alifika Unguja mmisionari wa Kiingereza, Edward Steere. Alikusanya maneno na hadithi kwa kuwauliza wenyeji, na mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo. Basi maneno yalitoka vinywani mwa watu wetu, lakini kalamu ilikuwa mikononi mwa wengine. Fundi wa majahazi aliyeona neno la kazi yake limekosewa hakuwa na njia nyepesi ya kulisahihisha.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza nia yake ya kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kuwagawia wenziwe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, jumuiya ya watu wa kujitolea wanaozifunga programu hizo katika vifurushi. Kifurushi ni kama mzigo bandarini: ndani mna programu yenyewe, na juu yake hati inayosema ni kitu gani, kinahitaji nini ili kifanye kazi, nani mtunzaji wake, na kimetolewa kwa leseni gani. Mzigo usio na hati haupiti.

Kwetu Afrika Mashariki, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Lakini baadaye nikawa naandika makala juu ya ujenzi wa majahazi, na kikagua tahajia nilichokuwa nacho kikapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Nungwi: mkuku, taruma, foromali. Nikajiambia, haiwezekani Kiswahili cha kompyuta kisijue jahazi! Mwaka 2008 nikaazimia kutengeneza orodha yangu ya maneno.

Kijana mmoja wa duka la intaneti pale Mji Mkongwe alinifundisha mwanzo wa kazi. Orodha ya kukagua tahajia ina mafaili mawili: moja la maneno, jingine la kanuni za viambishi. Programu iitwayo Hunspell, aliyoiandika László Németh kwa ajili ya Kihungari, inatufaa sana, kwani Kihungari nacho hubandika viambishi vingi. Shina moja la "pika" hutupa anapika, hatukupika, watapikiana, na mamia mengine. Huwezi kuyaandika yote. Unaandika shina na kanuni.

Nikafanya haraka. Kwa miezi minne nilinakili maneno kutoka kamusi moja ya dukani, ukurasa baada ya ukurasa, kisha nikapeleka kifurushi changu kikaguliwe. Jibu lilikuja na swali moja tu: maneno haya umeyapata wapi? Nikasema kweli. Kifurushi kikakataliwa.

Nilikasirika, sifichi. Niliona wageni wananizuia lugha ya mama yangu. Lakini mkaguzi alinieleza kwa upole kwamba lugha haina mwenyewe, ila kitabu kina hakimiliki. Nikitoa kisicho changu, kila atakayekipokea kwa nia njema atabeba kosa langu. Mimi niliyewachapa bakora wanafunzi kwa kuangaliziana mtihani, nilikuwa nimeangalizia kamusi nzima! Nikafuta kazi yote.

Nikaanza upya kama alivyoanza Steere, kwa daftari na kwa kuuliza. Nilimwendea mwenzangu wa darasa moja, ambaye alikuwa fundi wa majahazi Nungwi. Tulikaa chini ya mkungu, yeye akikalafati, mimi nikiandika. Habari ya kusimuliwa ni ndefu. Niseme tu kwamba Disemba 2009 njia ya umeme itokayo Bara kupitia chini ya bahari iliharibika, na Unguja nzima ikakaa gizani hadi Machi 2010. Maji yakawa taabu, majenereta yakanguruma Darajani, na kompyuta yangu ikawa pambo la mezani. Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyonifaa. Niliandika kanuni za viambishi kwa mkono, kwa taa ya chemli, na nilipokosea nilikuwa na wakati wa kufikiri.

Umeme uliporudi niliyachapa yote. Safari hii hati yangu ilieleza kila neno limetoka wapi. Mdhamini alinirudishia kifurushi mara tano: mara maelezo hayatoshi, mara faili limewekwa pasipo pake. Mara ya sita kilipokelewa. Baada ya wiki chache mtu wa Mombasa, nisiyemjua, akaniletea kiraka kusahihisha kanuni yangu ya ukanushi. Nilikubali kosa, nikalitia jina lake katika orodha ya shukrani, chini ya jina la yule fundi wa Nungwi. Fundi huyo ametangulia mbele ya haki. Hakuwahi kumiliki kompyuta, lakini maneno yake yamo, na jina lake limo.

Vijana wangu, nimeandika haya kwa sababu. Kifurushi kilichoachwa na mtunzaji wake huitwa yatima. Mimi macho yananipungua. Makunduchi kuna maneno ya ukili na mwani ambayo hakuna aliyeyaandika, na wenye kuyajua ni wazee. Atakayekuwa tayari kuuliza, kusema kweli alikopata, na kusahihishwa bila ya kununa, aje siku ya mkutano wetu. Daftari ninalo, nitamkabidhi.