Githeri hupunguza gharama ya jikoni

Katika familia nyingi nchini, fedha za chakula huishia katika ununuzi wa kadogo kadogo wa kila jioni. Anayenunua mahindi na maharagwe kwa gorogoro, yaani mkebe wa takriban kilo 2, huepuka bei ya vipimo vidogo. Hata hivyo, nafuu hiyo yaweza kuteketea pamoja na makaa, kwani punje kavu huchelewa kuiva. Inafaa ziloweshwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha githeri ya siku mbili ichemshwe kwa moto mmoja, bila vitunguu wala nyanya, maana hizo huifanya ichache upesi. Kila jioni hukaangwa sehemu tu, labda kwa sukuma wiki. Asiye na jokofu hana budi kuichemsha upya iliyosalia, asubuhi na jioni.