Rangi ya kuta za nje na nishati ya jengo

Rangi ya ukuta wa nje huamua ni kiasi gani cha mionzi ya jua kitarudishwa na kiasi gani kitageuka joto. Chokaa iliyopakwa karibuni hurudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Rangi nyeusi hufyonza takriban asilimia 90. Ukuta wa matofali ya saruji ukishapata moto mchana, joto hupenya taratibu na kufika chumbani jioni, na kiyoyozi huendelea kula umeme hata jua likishatua.

Karibu na ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa zaidi na jua, hivyo mwenye rangi kidogo aanze na hizo. Paa, hata hivyo, huzidi kuta zote kwa joto la adhuhuri.

Jicho si kipimo cha kutosha. Karibu nusu ya nishati ya jua huja kwa mionzi ya infraredi isiyoonekana, ndiyo maana rangi mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana kwa joto.

Katika nchi za baridi, ukuta mweusi hupunguza kidogo gharama za kupasha nyumba joto. Kwa kuta nyeupe za nchi za joto, vumbi na ukungu hufifisha weupe huo, hasa pwani.