Safari ya terminali hadi Windows ina funzo kwa wapenzi wa lugha

Vijana wengi wanaotumia tarakilishi siku hizi hudhani kwamba mashine hii huamriwa kwa kubofya picha tu. Mtu akitaka kufungua faili, anabofya. Akitaka kuifuta, anabofya tena. Hata hivyo, nyuma ya picha hizo kuna njia kongwe zaidi, nayo ni njia ya maneno. Mtumiaji huandika amri, na mashine humjibu kwa maandishi. Programu inayobeba mazungumzo hayo huitwa terminali. Nadhani historia yake inatuhusu sana sisi tunaojishughulisha na lugha.

Jina lenyewe lina asili yake. Zamani tarakilishi moja kubwa ilihudumia watu wengi, na kila mmoja aliketi kwenye ncha ya waya uliotoka katika mashine hiyo. Ncha hiyo ndiyo terminali. Teletype Model 33, iliyotoka mwaka wa 1963, ilichapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi, tena herufi kubwa tupu. Mwaka wa 1978 kampuni ya DEC ikaleta VT100, yenye skrini ya mistari 24. Hii ilielewa alama maalumu zilizochanganywa na maandishi, ambazo ziliiambia mahali pa kuandika au neno la kukoleza. Vifaa hivyo sasa vimo katika makavazi, lakini mifumo ya jamii ya Unix ilishika desturi ya alama hizo na haijaiacha hadi leo.

Microsoft ilifuata njia yake. Ilianza na MS-DOS mwaka wa 1981, kisha Windows ya kwanza ikatoka mwaka wa 1985. Windows NT ilipofika mwaka wa 1993, dirisha lake jeusi la amri halikutegemea alama za VT100. Programu zilitakiwa kuuita mfumo endeshi wenyewe ili uchore herufi moja moja mahali pake. Matokeo yake yakawa nini? Programu za Unix hazikuweza kuhamia Windows kwa urahisi. Isitoshe, aliyetaka kuunda dirisha bora zaidi alilazimika kutumia ujanja. ConEmu, kwa mfano, ililificha dirisha la asili na kunakili yaliyomo ndani yake.

Kwa nini basi Microsoft haikulibomoa dirisha hilo mapema? Jibu ni kwamba programu nyingi za makampuni zililitegemea, pamoja na kasoro zake. Ukirekebisha kasoro moja, kazi ya mtu fulani inakwama.

Mwaka wa 2016 Microsoft iliruhusu programu za Linux kuendeshwa ndani ya Windows, na hapo udhaifu wa dirisha hilo ukawa wazi kwa kila mtu. Mwaka wa 2018 ikatoa ConPTY. Ukipenda, uite mkalimani. Kazi yake ni kupokea miito ya kale ya programu na kuigeuza kuwa maandishi yenye alama, ambayo terminali yoyote inaweza kuyasoma. Windows Terminal ilitangazwa Mei 2019, na toleo la 1.0 likatoka Mei 2020. Ilikuja na vichupo, uwezo wa kugawa dirisha moja mara kadhaa na, muhimu zaidi, uwezo wa kuonyesha herufi za lugha nyingi. Msimbo wake uliwekwa wazi kwa umma. Mwaka wa 2021 watumiaji waliilaumu hadharani kwa kuchora maandishi polepole, na baadaye injini mpya ya kuchora ikaandikwa.

Suala la herufi lina uzito wa kipekee kwetu. Dirisha la kale lilitegemea kurasa za misimbo, na ukurasa wa kawaida ulikuwa na nafasi 256 tu. Kiswahili cha hati ya Kilatini hakikuumia, kwa kuwa hakina herufi zenye alama. Lakini Gĩkũyũ na Kikamba je? Herufi ĩ na ũ hazimo katika ukurasa wa 437 wa Marekani wala wa 850 wa Ulaya Magharibi. Mara nyingi jina kama Mũthoni lilitokea likiwa na alama ya kuulizia katikati, au likiwa limevuliwa alama yake. Lugha isiyoonekana kwenye skrini huanza kudharauliwa hata na wenyewe. Hata sasa kazi haijaisha, kwani maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto bado yana matatizo katika terminali hiyo. Tukumbuke kwamba Kiswahili nacho kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa.

Sisi tumefanya nini? Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Windows nayo imetafsiriwa. Hizo ni hatua za kujivunia, lakini zote ziliishia kwenye menyu na vitufe. Pale penye amri hatujagusa, ilhali ndipo waundaji wa programu wanaposhinda mchana kutwa.

Sisemi tutafsiri kila amri. Wanafunzi wetu watafanya kazi na walimwengu, na amri za pamoja zina faida. Hata hivyo, PowerShell humruhusu mtumiaji kuipa amri jina la pili. Ukiandika *Set-Alias nakili Copy-Item*, basi kuanzia hapo neno *nakili* litanakili faili. Mwalimu anaweza kumwanzishia mtoto somo kwa *orodhesha*, *nakili* na *futa*, kisha amwonyeshe majina ya kimataifa baadaye, akiwa tayari ameelewa dhana.

Hilo halihitaji bajeti ya serikali wala idhini ya kampuni. Linahitaji walimu wa tarakilishi na walimu wa Kiswahili waketi meza moja, wakubaliane kuhusu istilahi, waandike vitabu vya kufundishia. Vyuo vyetu vina idara zote mbili, mara nyingi katika uwanja mmoja. Mbona hazizungumzi?