Tumbo la Mpagazi

Nilipokuwa na miaka 22 nilipiga sitapu 300 kila asubuhi kwenye sebule ya babu, Bwera, magharibi mwa Uganda. Nilitaka sikspaki. Babu alikaa mlangoni na kikombe chake cha chai, ananitazama tu. Siku ya tatu akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo sakafu imekukosea nini?"

Mwezi haukuisha kiuno kikakaza, nikawa siwezi kuinama kufunga viatu.

Babu alikuwa mpagazi wa milima ya Rwenzori. Kwetu Wakonzo mgongo ulikuwa na kazi zamani: chumvi ya Ziwa Katwe, ile ile iliyomfanya Mwingereza Lugard ajenge ngome pale mwaka 1891, ilisafiri kwa mtumbwi na kwa miguu ya watu. Mwaka 1906 akaja Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, akafika kilele cha Margherita, mita 5,109. Vilele vikapewa majina ya wakubwa wa Ulaya. Waliobeba mahema yake, na mitambo ya mpiga picha wake Vittorio Sella, walirudi kwenye mihogo yao.

Zamu ya babu ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wapanda milima wa Uganda walipokuwa wakijenga vibanda huko juu. Kibanda cha Elena kiko mita 4,541, na hakuna kipande chake kilichofika kwa gari. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 na shaba ya Kilembe ikaanza kutoka, wenzake wengi walikwenda mgodini. Yeye aliogopa giza.

Kiuno changu kilipopoa alinifunga jerikeni la lita 20 mgongoni, ukanda ukapita juu ya paji la uso, akanielekeza kilima cha kwa shangazi. Hatua kumi tu, shingo ikawaka moto.

"Shusha. Unavuta kwa shingo kama mbuzi. Toa pumzi kidogo, kaza tumbo kama unayengoja ngumi, halafu hatua fupi."

Nilifika. Kesho yake kiuno hakikuuma. Kilichouma ni mbavu na ubavu mzima, mahali ambapo sitapu zangu hazikuwahi kupagusa.

Baadaye nilielewa. Kuna msuli wa ndani unaozunguka kiuno kama mshipi, na kazi kubwa ya misuli ya tumbo ni kumzuia mtu asikunjike mzigo unapomvuta. Mimi nilikuwa najikunja mara 300 kwa uzito ule ule kila siku. Babu alianza na sufuria na kuni za wenzake, akaongezewa kidogo kidogo hadi mzigo kamili, kama kilo 30.

Leo nafundisha vijana mazoezi mjini Kasese. Wanabeba jerikeni kwa mkono mmoja, hatua 40, mwili usilale upande, kisha wanabadili mkono. Likizoeleka, naongeza maji. Siku ya kwanza nawaambia pia kwamba mafuta ya tumbo hayaondoki kwa kulitesa tumbo lenyewe. Wengine hawarudi.

Babu alipita miaka 80 akiwa bado anajitekea maji. Ukiwa chumbani hukusikia jerikeni likinyanyuka. Ulisikia kwanza pumzi yake, fff, fupi, kupitia meno.