Mwalimu wa Vilimani: Historia Fupi ya Chuo cha ENS, Bujumbura

Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na katika zile chache za sekondari walimu walikuwa hasa Wazungu. Nchi ilikuwa na bendera yake, lakini walimu wake hawakutosha. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilifunguliwa mwaka 1964, na haukupita muda ikaanzishwa École Normale Supérieure, ambayo watu huiita ENS tu. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa Warundi wa kufundisha sekondari.

Safari haikuwa nyepesi. Mwaka 1972 mauaji yaliwalenga hasa Wahutu waliosoma. Walimu, wanafunzi wa vyuo na vijana wa sekondari walichukuliwa, wengi wasirudi. Kizazi kilichotarajiwa kufundisha kikakatwa kabla hakijashika chaki, na vijiji vingi vya vilimani vikabaki na pengo lisilozibika kwa miaka. Katika muongo huohuo ENS iliunganishwa na vyuo vingine kuunda Chuo Kikuu cha Burundi, na jina lake likapotea kwa muda.

Katika miaka hiyohiyo liliibuka swali la elimu ya kijijini. Mageuzi ya 1973 yalitaka Kirundi kiwe lugha ya kufundishia shule ya msingi, na masomo yashikamane na maisha ya mkulima: shamba, mifugo, afya, kazi za mikono. Wazo hilo lilikuwa jirani na Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza Tanzania mwaka 1967. Lilikuwa wazo jema, lakini sekondari iliendelea kusomwa kwa Kifaransa, na wazazi walijua hivyo. Mapema miaka ya 1980 shule zikaanza kufundisha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, ili watoto wengi zaidi wapate nafasi. Mzigo wa zamu hizo ulimwangukia mwalimu.

ENS ilizaliwa upya mwaka 1999, na wakati wenyewe unastahili kukumbukwa. Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa Oktoba 1993, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea, na Mkataba wa amani wa Arusha ulikuwa bado haujatiwa saini. Ulitiwa saini Agosti 2000. Katikati ya hayo, tarafa zilikuwa zinajijengea sekondari zao ili mtoto wa kilimani asome karibu na kwao. Kuta zilisimama, ila waliosomea ualimu wa sekondari walikuwa haba. Kufungua chuo cha walimu nchi ikiwa vitani kulikuwa kuamini kwamba kesho ipo.

Kesho hiyo ilikuja kwa kishindo. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na watoto wakafurika hadi darasa moja likaweza kuwa na zaidi ya mia. Wananchi walitoka Jumamosi kwa kazi za maendeleo, wakabeba mawe na matofali, madarasa yakapanda. Mwaka 2007 Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili, lugha ya siku zote mitaani Buyenzi, Bujumbura, kikawa somo hata kwenye vilima ambako hakikuwa kikisikika. Kisha kuanzia 2013 elimu ya msingi ikawa ya miaka 9. Masomo ya madarasa ya juu yakapangwa kwa makundi: lugha, hisabati, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ujasiriamali. Mwalimu aliyezoea somo moja akatakiwa kubeba kundi zima.

Hapo ndipo thamani ya ENS inapoonekana. Chuo kinafundisha Kirundi pamoja na Kiswahili, sayansi, na masomo ya ufundi kwa wale watakaofundisha shule za ufundi. Lakini kiini chake ni mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi anaingia darasani na andalio la somo mkononi, mkufunzi ameketi nyuma na daftari lake. Anaangaliwa kama anamwita anayenyamaza au wale tu wanaonyoosha mkono, kama ubao wake unasomeka kutoka dawati la mwisho, kama ameuliza swali linalohitaji kufikiri. Kilimani, ambako kitabu kimoja hugawanywa kwa wengi, ubao ndio kitabu. Somo la ujasiriamali nalo linaweza kuanzia nyumbani kwa mwanafunzi: mbegu ya maharagwe ilinunuliwa kwa kiasi gani, mavuno yaliuzwa kwa kiasi gani, faida iko wapi. Mtoto anayejua kupiga hesabu hiyo ana stadi atakayoitumia, aendelee na shule au asiendelee.

Wazazi wanaweza kufyatua matofali, mwalimu hafyatuliwi. Anahitaji miaka ya chuo, kisha mafunzo kazini, nyumba ya kuishi karibu na shule na mshahara unaofika kwa wakati, la sivyo ataishia kutafuta njia ya kurudi Bujumbura. Warundi walio wengi wanaishi vijijini. Kwa hiyo tunapoiadhimisha ENS, kipimo chake cha haki ni walimu wake wangapi wako vilimani, na wangapi wameamua kubaki huko.