Chikungunya: Virusi vya Newala vilivyobadilika

Chikungunya ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kutokana na maumivu ya viungo yanayompinda mgonjwa. Ugonjwa huo ulitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 wilayani Newala na Masasi. Huenezwa hasa na mbu Aedes aegypti.

Virusi vinapozaliana, makosa madogo hutokea katika kunakili vinasaba vyake. Mwaka 2005 hadi 2006 kisiwani Réunion, ambako mbu huyo ni adimu, badiliko moja liliviwezesha kuenea kwa urahisi zaidi kupitia Aedes albopictus. Aina hiyo ikazishinda nyingine, na mwaka 2007 virusi vyenye badiliko kama hilo vikafika Italia.

Huo ndio uteuzi wa asili: tofauti za urithi hutokea kwa bahati, mazingira huamua zipi zidumu.