Kamera za USB viwandani: jinsi zinavyofungwa na kuunganishwa katika joto la Ansab

Ansab ni eneo la wilaya ya Bausher mjini Muscat, mji mkuu wa Oman. Wengi hulifahamu kwa mtambo wake wa kusafisha majitaka, pamoja na mabwawa yaliyo kando ya mtambo huo, ambako ndege wahamao hutua kila mwaka wanapokimbia baridi ya kaskazini. Jirani yake kuna Ghala, eneo la viwanda, karakana na maghala ya bidhaa.

Kiswahili si lugha ngeni katika mitaa ya Muscat. Baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka mwezi Julai mwaka 1970, Waomani wengi waliokuwa wakiishi Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki walirejea nchini humo, nao walirudi na lugha hiyo majumbani mwao. Kwa fundi anayezungumza Kiswahili, awe Muscat, Mombasa au Tanga, kazi ya kufunga kamera za viwandani ina masharti yaleyale: umeme wa mzunguko wa hezi 50, plagi za miguu mitatu ya mraba, joto, unyevu wa bahari na vumbi.

Kamera za aina hii hukagua chupa kama zimefungwa vizuri, husoma tarehe zilizochapwa kwenye pakiti, hupima vipuri na hutenga bidhaa mbovu. Hatari yake ni kwamba kamera iliyofungwa vibaya haigomi kufanya kazi. Huendelea kutoa picha, taa yake huendelea kuwaka, na chupa ya dawa isiyo na kifuniko madhubuti hupita mbele yake bila kuzuiwa.

Tofauti na kamera ya kawaida

Kamera ya kompyuta inayotumiwa kwa mazungumzo hujiamulia mambo mengi yenyewe. Huongeza mwanga, hubadili rangi na kuibana picha ili iwe nyepesi. Kamera ya kiwandani haitakiwi kufanya hivyo. Hutoa picha ghafi, na kila kipimo chake huwekwa na fundi na kubaki palepale, ili picha ya asubuhi ilingane na picha ya jioni.

Tofauti ya pili iko katika namna kihisi kinavyosoma mwanga. Kamera nyingi za bei nafuu husoma picha mstari baada ya mstari, na kitu kinachokwenda kasi huonekana kimepinda. Kamera nyingi za viwandani hufungua na kufunga pikseli zote kwa wakati mmoja. Kwa bidhaa zinazopita juu ya mkanda, aina hii ya pili ndiyo inayofaa.

Teknolojia ya vihisi ina historia ndefu. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa maabara za Bell nchini Marekani walibuni kihisi kinachojulikana kama CCD, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Leo nafasi ya CCD katika kamera nyingi imechukuliwa na vihisi vya CMOS, ambavyo ni vya gharama ndogo na hutumia umeme mdogo.

Kutoka USB ya kwanza hadi kiwango cha viwanda

Toleo la kwanza la USB lilitangazwa mwezi Januari mwaka 1996. Toleo la 2.0 lilifuata mwaka 2000 likiwa na kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, na toleo la 3.0 la mwaka 2008 likafikisha gigabiti 5 kwa sekunde.

Kwa muda mrefu kila mtengenezaji wa kamera alikuwa na programu yake, na kubadili kamera kulimaanisha kuandika upya mfumo mzima. Mwezi Januari mwaka 2013 kilichapishwa kiwango kinachoitwa USB3 Vision. Kamera inayofuata kiwango hicho huzungumza na kompyuta kwa lugha moja ya pamoja, iitwayo GenICam, inayosimamiwa na jumuiya ya Ulaya ya watengenezaji wa mifumo ya kuona kwa mashine. Hivyo kamera ya kampuni moja inaweza kuendeshwa na programu ya kampuni nyingine.

Hesabu kabla ya kununua

Fundi huanza na swali moja: kasoro ndogo kuliko zote inayotakiwa kuonekana ina ukubwa gani? Tuseme eneo la kuangaliwa lina upana wa milimita 200, na kamera ina pikseli 2,448 kwa upana. Kila pikseli itabeba takriban milimita 0.08. Kasoro inapaswa kuchukua angalau pikseli tatu ili itambulike kwa uhakika, kwa hiyo kamera hiyo inafaa kwa kasoro za robo milimita na kuendelea. Ufa mwembamba zaidi ya huo utapita.

Lenzi nayo huchaguliwa kwa hesabu. Upana wa kihisi huzidishwa kwa umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye bidhaa, kisha hugawanywa kwa upana wa eneo linaloangaliwa. Kihisi chenye upana wa milimita 8.4, kikitazama eneo la milimita 200 kutoka umbali wa sentimita 60, huhitaji lenzi ya takriban milimita 25. Kamera nyingi hupokea lenzi za mlango wa C, ambao kina chake ni milimita 17.526. Mlango wa CS unafanana nao kwa uzi wa skrubu, lakini ni mfupi kwa milimita 5. Lenzi ya C huweza kufungwa kwenye kamera ya CS kwa kuweka pete ya milimita 5 katikati. Lenzi ya CS kwenye kamera ya C haitaweza kulenga bidhaa iliyo mbali.

Hesabu ya tatu ni ya data. Picha ya pikseli 2,448 kwa 2,048, isiyo na rangi na yenye biti 8 kwa kila pikseli, ina uzito wa megabaiti 5. Picha 30 kwa sekunde ni megabaiti 150. USB 2.0, ambayo kwa vitendo hupitisha takriban megabaiti 40 kwa sekunde, itaweza picha 8 tu. USB 3.0 hupitisha kati ya megabaiti 350 na 400, hivyo kamera mbili za namna hiyo zinaweza kutumia njia moja, lakini ya tatu itaizidi. Ikumbukwe kwamba matundu manne ya USB nyuma ya kompyuta mara nyingi hutegemea kidhibiti kimoja ndani, na kuwa na matundu mengi si sawa na kuwa na njia nyingi.

Kebo na umeme

Faida kubwa ya USB ni kwamba data na umeme hupita katika kebo moja. Tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa volti 5 na hadi milliampea 500, yaani wati 2.5. Tundu la USB 3.0 hutoa hadi milliampea 900, yaani wati 4.5. Kamera inayohitaji zaidi ya hapo hupewa umeme wake wa pembeni.

Urefu wa kebo ndio udhaifu wa mfumo huu. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 haipaswi kuzidi mita 5, na ya USB 3.0 hufanya kazi vizuri ikiwa na mita 3 hivi. Umbali mkubwa zaidi huhitaji kebo zenye vikuza ishara au zile zinazopitisha data kwa nyuzi za mwanga. Kuunganisha kebo mbili fupi ili kupata moja ndefu ni chanzo cha matatizo mengi.

Mtikisiko wa mashine huchomoa polepole plagi isiyofungwa, ndiyo sababu kebo za viwandani zina skrubu mbili ndogo kwenye kichwa. Kebo isipite sambamba na nyaya za mota wala za vidhibiti vya mwendo wa mota, kwa kuwa nyaya hizo hutoa mawimbi yanayoharibu data. Pale inapobidi kuzivuka, ivuke kwa pembe mraba.

Hatua za kuunganisha

Kwanza, programu ya mtengenezaji huwekwa kwenye kompyuta kabla ya kamera kuchomekwa. Pili, kamera huchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta. Plagi isukumwe kwa mkono mmoja imara, kwani plagi ya mstatili ikiingizwa polepole sana, kompyuta huweza kuitambua kama USB 2.0 na kuiendesha kwa kasi ndogo. Tatu, fundi huthibitisha ndani ya programu kwamba kasi iliyopatikana ni ile iliyokusudiwa.

Nne, mfumo wa kompyuta huzuiwa kuzima matundu ya USB kwa ajili ya kuokoa umeme. Katika mfumo wa Linux, kumbukumbu iliyotengewa USB kwa kawaida ni megabaiti 16, kiasi ambacho hakitoshi hata picha nne za megabaiti 5, na hupaswa kuongezwa. Tano, urekebishaji wa mwanga na rangi unaofanywa na kamera yenyewe huzimwa.

Hatua ya sita ni kuunganisha kitambuzi cha bidhaa, yaani kile kinachoiambia kamera kwamba chupa imefika. Vitambuzi vingi vya viwandani hufanya kazi kwa volti 24. Kamera nyingi zina njia iliyokingwa inayoweza kupokea volti hizo, lakini pembeni yake huwapo njia nyingine isiyokingwa inayostahimili volti chache tu. Waya mmoja ukikosewa hapo, kamera huungua papo hapo. Kwa hiyo mchoro wa nyaya husomwa kwanza, na umeme huwashwa mwisho.

Mwanga na mwendo

Mkanda unaokwenda nusu mita kwa sekunde husogea milimita 5 ndani ya milisekunde 10. Picha iliyochukuliwa kwa muda huo huwa na ukungu wa milimita 5, na maandishi ya tarehe hayatasomeka. Muda ukipunguzwa hadi mikrosekunde 200, ukungu hushuka hadi sehemu ya kumi ya milimita. Hata hivyo, muda ukipungua mara 50, mwanga nao lazima uongezwe kwa kiwango kama hicho. Ndiyo maana gharama ya taa haipaswi kuonewa uchungu.

Taa zinazotumia umeme wa hezi 50 moja kwa moja hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha zake huwa nyeusi na nyeupe kwa zamu. Taa za LED za umeme wa mkondo mmoja, zinazomulika pamoja na kamera, huondoa tatizo hilo. Kizuizi kinachozunguka kamera huzuia jua la mlangoni lisibadili picha kadiri saa zinavyosonga.

Joto, vumbi na unyevu

Muscat hufikia nyuzijoto 45 na zaidi wakati wa kiangazi. Tarehe 26 Juni mwaka 2018, katika mji wa Quriyat, kusini mashariki ya mji huo mkuu, iliripotiwa kwamba joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Oman huzuia kazi za nje kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri kuanzia Juni hadi Agosti, kwa ajili ya afya ya wafanyakazi.

Kamera haina mapumziko hayo. Nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 50, nazo huzalisha joto lao wenyewe. Ndani ya kisanduku cha chuma karibu na dari ya bati, kiwango hicho huvukwa kwa urahisi. Kelele ya umeme katika kihisi huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8, na vidoa vyeupe huanza kuonekana kwenye picha. Programu ya ukaguzi huweza kuvihesabu kama kasoro za bidhaa.

Dawa yake ni kuifunga kamera kwenye bamba nene la alumini linalovuta joto, kuiweka mbali na tanuri na bati, na kupunguza idadi ya picha pale ambapo kasi yote haihitajiki. Kwa vumbi, kasha lenye kioo mbele hutosha. Kuhusu unyevu, kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi isifunuliwe mara moja nje, kwa sababu lenzi itajaa ukungu wa maji. Iachwe ndani ya kasha lake hadi izoee joto. Kanuni hiyo inafaa pwani yote, kuanzia Muscat hadi Unguja na Dar es Salaam.

Hitilafu za kawaida

Kamera ikionekana kisha ikapotea, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni kebo, ya pili umeme. Picha zikikatika katikati au zikikosekana, njia ya data imezidiwa au kumbukumbu ni ndogo. Picha zikiwa na mistari inayotembea, taa na kamera hazipatani. Kamera ikifanya kazi asubuhi na kugoma alasiri, kipimajoto ndicho kitakachotoa jibu.

Kila picha huwa na namba yake ya mfululizo. Namba zikiruka, kuna bidhaa iliyopita bila kukaguliwa, na mfumo mzuri husimamisha mkanda hapohapo. Mipangilio yote huhifadhiwa kwenye faili na nakala yake kuandikwa kwenye daftari la mashine, ili fundi wa zamu inayofuata asilazimike kusubiri mtaalamu kutoka nje ya nchi.

Jaribio la mwisho halihitaji chombo chochote cha gharama. Chupa kadhaa zenye kasoro zinazojulikana huwekwa alama na kutunzwa kabatini, kisha hupitishwa mbele ya kamera mwanzoni mwa kila zamu. Zikikataliwa zote, kazi huanza. Ikipita hata moja, mkanda hausogei mpaka sababu ipatikane.